Ukirudi kwenye mashindano ya gofu, handikapu yako haijui kwamba uliondoka

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi, nilikuwa nimesimama kwenye tii, mahali pa kupigia mkwaju wa kuanzia, ya shimo la kwanza hapa Tanga. Glovu mpya mkononi, jasho tayari linashuka mgongoni, na mpira wenyewe sijaugusa. Miaka minne ilikuwa imepita tangu jina langu lionekane kwenye orodha ya mashindano. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, mbele ya jina hilo, paliandikwa 9, handikapu yangu, yaani mikwaju ninayopunguziwa kwenye matokeo. Niliifurahia ile namba kama mtu aliyerudi kwao akakuta kitanda chake bado kimetandikwa.

Baada ya saa nne na ushee nilirudisha kadi ya mikwaju 98. Toa tisa, zinabaki 89. Kedi wangu, mzee aliyebeba mikoba ya watu kwa miaka mingi kuliko niliyocheza mimi, alifuta fimbo ya mwisho kwa taulo, akaitumbukiza kwenye begi, kisha akasema taratibu: “Mwanangu, hiyo tisa si yako. Ni ya yule kijana aliyeondoka.”

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Tangu siku hiyo nimezungumza na watu kadhaa waliorudi mchezoni baada ya kuacha, mmoja kwa sababu ya uzazi, mwingine uhamisho wa kikazi, mwingine goti. Karibu wote walianguka kwenye shimo lilelile nililoanguka mimi. Walidhani kazi ya kurudi ni kunyoosha swingi tu, yaani namna ya kuzungusha fimbo. Hesabu ya handikapu hawakuigusa, na ndiyo iliyowaaibisha.

Tuanze hapo basi, maana hata baadhi ya wanaocheza kila wiki huizungumza handikapu kama cheo. Si cheo. Ni makadirio ya kile unachoweza kufanya ukiwa kwenye siku zako nzuri, yanayotumika ili mtu wa mikwaju 75 na mtu wa mikwaju 95 washindane bila mmoja kumwonea mwenzake. Tangu 2020 nchi nyingi zimekuwa zikihamia kwenye mfumo mmoja wa dunia, ulioandaliwa na R&A pamoja na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu duniani, kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Ndani ya mfumo huo kila mchezaji ana indeksi, namba yenye desimali moja, na kikomo chake cha juu ni 54.0.

Indeksi hutoka kwenye kadi zako, ila haichukui mikwaju kama ilivyo. Kila uwanja hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza ni ukadiriaji, yaani mikwaju ambayo mchezaji wa skrachi, yule asiye na handikapu, anatarajiwa kupiga pale. Cha pili ni slopu, kinachoonyesha uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani ukilinganisha na yule wa skrachi. Slopu huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa ugumu wa kawaida huhesabiwa 113. Ukimaliza raundi, mikwaju yako hutolewa ukadiriaji, jibu likazidishwa kwa 113 na kugawanywa kwa slopu. Kinachopatikana nitakiita hapa tofauti ya kadi.

Tuchukue kadi yangu ile ya aibu, tuseme ilipigwa kwenye uwanja wenye ukadiriaji wa 71.0, slopu 120 na paa 72, yaani mikwaju iliyopangiwa uwanja mzima. (Hizi ni za mfano, usiende kuzitafuta kwenye kadi ya klabu yako.) Kwenye shimo moja la paa 4 nilipiga 10. Mbili kati ya hizo ziliishia majini, moja iliupiga mnazi ikanirudia miguuni. Kwa matokeo ya mashindano, kumi ni kumi. Kwa hesabu ya handikapu kuna huruma kidogo: huruhusiwi kuandikiwa zaidi ya paa, ongeza mbili, ongeza mikwaju unayopewa na handikapu yako kwenye shimo hilo. Mimi pale napewa mmoja, kwa hiyo kikomo changu ni 7. Kadi ya 98 ikawa 95. Toa 71, zinabaki 24. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 120: tofauti ni 22.6.

Mtu ambaye indeksi yake ni 9.4 (ile 9 ya ubaoni ni handikapu ya siku, inayotokana nayo) amepiga raundi ya 22.6. Sasa uliza: kesho yake indeksi yangu ilikuwa ngapi?

Ilikuwa 9.4. Haikusogea hata nukta moja.

Hapo ndipo wengi huja juu na kudai mfumo umeharibika. Haujaharibika. Rekodi yako ni kama Hiace yenye viti ishirini. Abiria ni kadi zako 20 za mwisho, bila kujali zilipigwa lini. Kadi mpya ikipanda, ile kongwe kuliko zote inashuka. Kati ya hao ishirini, konda anawatazama wanane tu waliofanya vizuri zaidi, anachukua wastani wao, na huo ndio indeksi. Wale kumi na wawili wabaya wamekaa tu, hawahesabiwi. Kadi yangu ya 22.6 ilipanda ikakaa viti vya nyuma. Aliyeshuka hakuwa miongoni mwa wanane bora. Kwa hiyo hakuna kilichobadilika.

Na muda wenyewe hauwashushi abiria. Watu wengi hudhani ukikaa miaka miwili bila kucheza kadi zako zinachacha. Hapana, kadi hubaki mpaka isukumwe na nyingine. Indeksi yenyewe hufa pale tu unapoacha kuwa mwanachama wa klabu. Mimi nilikuwa nalipa ada yangu ya mwaka bila kukanyaga uwanjani, nikijiambia wiki ijayo nitakwenda, kwa hiyo Hiace yangu ilikuwa imeegeshwa miaka minne ikiwa na abiria walewale ishirini, wote wakiwa na nguvu zao za zamani.

Ukilitafakari hili kidogo, utaona jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa waziwazi kwenye baraza la klabu. Tuseme kila kadi unayopiga baada ya kurudi ni mbaya kuliko zako zote za zamani. Baada ya raundi mpya 12, ndani ya gari wamebaki abiria wa zamani wanane. Wanane kamili, idadi ileile anayoihitaji konda! Maana yake ni kwamba unaweza kucheza raundi kumi na mbili, miezi mitatu ya kila Jumamosi, na indeksi yako bado inatengenezwa na kadi za yule uliyekuwa. Itapanda kidogo kadiri kadi zako nzuri za kale zinavyoshuka, lakini hakuna hata raundi moja ya mwili wako wa leo itakayohesabiwa mpaka ile ya 13.

Indeksi yangu ilikwenda hivi. Kufikia raundi ya 12 ilikuwa imepanda kutoka 9.4 hadi 11.2, wastani wa zile nane za mwisho za zamani. Raundi ya 13 ikaisukuma nje kadi ya 9.6, na mahali pake ikaingia iliyo bora kati ya zangu mpya, 17.8. Indeksi ikafika 12.2. Raundi ya 14 ikaitoa kadi ya 10.4 na kuiingiza ya 18.3. Kwa wastani mtupu ingekuwa 13.2, lakini hapo breki ya mfumo ikashika. Indeksi ikizidi kwa zaidi ya 3.0 ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo ndani ya siku 365, kinachozidi hukatwa nusu, na kwa vyovyote haiwezi kuzidi kwa zaidi ya 5.0. Ya chini yangu ilikuwa 9.4, mpaka wa kwanza ukawa 12.4. Kilichozidi ni 0.8, nusu yake 0.4. Nikaandikiwa 12.8.

Breki hiyo iliwekwa kwa sababu nzuri. Kuna watu huharibu kadi kwa makusudi ili wapandishe handikapu, kisha siku ya kombe wanacheza mchezo wao halisi na kuondoka na friji. Kwa upande wa pili mfumo una panga pia: ukipiga raundi iliyo bora kuliko indeksi yako kwa 7.0 au zaidi, unakatwa 1.0, ikifika 10.0, unakatwa 2.0. Mwizi anabanwa juu na chini. Tatizo ni kwamba breki haina macho. Haiwezi kumtofautisha mjanja na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti.

Mwenye macho ni kamati ya handikapu ya klabu, na nadhani hiki ndicho kipengele kinachosahauliwa kuliko vyote. Kamati inayo mamlaka ya kupitia rekodi ya mchezaji na kuirekebisha indeksi, kuishusha au kuipandisha, pale ambapo namba haiendani tena na uwezo wake, na ugonjwa au majeraha ni sababu inayoeleweka. Wengi wetu hatuendi kuomba. Tunaona haya. Kwenda kwa katibu kumwambia “naomba unipandishe handikapu” ni kama kukiri mbele ya watu kwamba umezeeka. Nami sikwenda. Nilijikaza nikapiga raundi kumi na nne ambazo barua moja fupi ingeweza kuzifupisha.

Kwa aliyeacha uanachama hali ni tofauti. Indeksi yake imekufa, na mgeni kabisa huhitaji mashimo 54 tu, yaani raundi tatu za mashimo 18, kupata mpya. Kati ya hizo tatu huchukuliwa iliyo bora na kutolewa 2.0. Kama tofauti zako ni 22.6, 20.1 na 24.0, utaanzia 18.1. Ila usiingie klabu mpya ukajifanya hujawahi kushika fimbo. Kamati inatakiwa kuangalia historia yako kabla ya kukupa namba, na mji huu ni mdogo. Yupo mtu atakayekumbuka ulivyokuwa unapiga. Waliotoka mchezoni kabla ya 2020, wakati wa mifumo ya zamani, ndio hasa wanaohitaji kukaa na katibu na kumweleza kila kitu.

Sasa, kuna kundi ambalo kidogo linaniudhi, na niliwahi kuwa ndani yake kwa wiki kama tatu. Ni wale wanaorudi, wanacheza raundi mbaya za kirafiki, na hawazirudishi kadi. Wanailinda namba yao. Handikapu ya pambo, ya kutajia watu kantini. Mtu ana tisa ya kuzungumza na ishirini ya kucheza, halafu kwenye mashindano analalamika kwamba wenye handikapu kubwa wanapendelewa. Kadi za kirafiki zinakubalika kwenye mfumo alimradi umecheza kwa kufuata sheria, hukucheza peke yako, na kuna mtu wa kuithibitisha kadi yako. Hata mashimo tisa ya jioni baada ya kazi yanatosha. Tangu 2024 mfumo unayachukua na kuyakamilisha kwa matarajio ya indeksi yako hadi yawe sawa na raundi ya 18. Kwa hiyo aliyeamua kurudi mashindanoni Desemba anaweza kuanza kuijaza Hiace yake Agosti, bila kombe lolote kuwa hatarini.

Suala la pili ni aina ya mashindano unayoanza nayo. Nikirudi nyuma leo, nisingeanza na mikwaju ya jumla. Pale kila mkwaju unaandikwa mpaka mwisho, na shimo moja la mikwaju kumi linakufuata kama deni la duka. Ningeanza na Stableford. Humo unapata pointi kwa kila shimo: 2 ukifikia paa yako baada ya handikapu, 3 ukiishinda kwa mkwaju mmoja, 1 ukizidi kwa mmoja, na sifuri ukizidi kwa miwili au zaidi. Ukishafika sifuri unaokota mpira, unaendelea na maisha. Mtindo huu ni wa daktari Mwingereza, Frank Stableford, na ulichezwa rasmi klabuni kwake Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Wallasey iko ufukweni, upepo wa bahari hauna adabu, na alichotaka ni wanachama wasikate tamaa baada ya mashimo mawili mabaya. Mtu aliyecheza Tanga wakati wa kusi hahitaji kuelezwa zaidi.

Na kuhusu upepo, mfumo wa handikapu nao unaujua. Kadi nane au zaidi zikirudishwa siku moja kwenye uwanja mmoja, kompyuta hulinganisha matokeo na yaliyotarajiwa. Kama karibu kila mtu ameumia, hali ya hewa inahesabiwa na tofauti za kadi zinapunguzwa, hadi kwa 3. Ikiwa siku ilikuwa rahisi kupita kiasi, inaongezwa 1. Ndiyo maana kadi inatakiwa kurudishwa siku ileile, si kukaa kwenye gari hadi Jumatano.

Sheria. Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kitabu kipo na kinasomeka. Jamaa yangu mmoja wa Ngamiani aliacha gofu 2017 na kurudi mwaka jana. Mpira wake uliingia kwenye eneo la adhabu, akachagua mahali pa kuudondoshea, akanyoosha mkono sawa na bega kama tulivyofundishwa zamani, akauachia. Tangu 2019 mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti. Angetambua kabla ya kupiga, angerudia bila gharama. Alipiga, akaongezewa mkwaju mmoja. Mwaka huohuo wa 2019 muda wa kutafuta mpira ulishuka kutoka dakika tano hadi tatu, bendera ikaruhusiwa kubaki shimoni unapopiga pati, ule mkwaju wa kuuviringisha mpira kuelekea shimoni, na alama za viatu kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, zikaruhusiwa kusawazishwa. Mabadiliko ya 2023 ni madogo lakini nayo yana mitego: ukirudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia mpira ulipoingilia majini, sasa unadondosha juu ya mstari wenyewe, na mpira uliokwisha kuudondosha ukatulia, upepo ukiupeleka nje ya mipaka au ukauingiza majini, unaurudisha bila adhabu. Soma na sheria za uwanja zilizobandikwa ubaoni, hasa ukiwa mgeni. Ukimaliza, hesabu shimo kwa shimo kabla ya kutia saini. Klabu ndiyo inayojumlisha. Wewe unawajibika kwa namba ya kila shimo.

Mwili ni habari ndefu zaidi.

Nilirudi nikiwa na picha ya swingi yangu ya zamani kichwani, na picha ile ilikuwa sahihi kabisa. Mgongo ndio uliokuwa wa mtu mwingine. Swingi ya gofu huzungusha kiuno kwa nguvu kuelekea upande mmoja, mara mia kadhaa ukihesabu na za mazoezi, na misuli inayozuia mzunguko huo usivunje kitu hulala mtu anapokaa ofisini. Wiki ya kwanza nilipiga mipira mia mbili kwa dreva, fimbo ya mikwaju mirefu, kwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nilishindwa kufunga kamba za viatu.

Nilianza upya kwa kurudi nyuma. Nilikwenda Sahare kwa wavuvi, nikanunua wavu kuukuu kwa bei ya kupatana, nikautundika uani kati ya mwembe na nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta. “Jirani, leo umevua nini?” Sikuwa na jibu zuri. Kila jioni mipira thelathini, si zaidi, kwa weji, fimbo ya mikwaju mifupi, na chuma namba 7, nusu swingi tu. Nusu swingi inakurudishia mguso wa mpira bila kuugombeza mgongo. Dreva niliirudia mwezi wa pili. Wavu una faida moja ambayo sikuitarajia: huoni mpira ulikokwenda, kwa hiyo unalazimika kusikiliza. Chuma kikiukamata vizuri kina sauti yake, kavu na fupi. Kikianza na udongo, unasikia mvumo kama wa mtu anayepiga zulia.

Hata hivyo, wavu haukufundishi umbali, na umbali mfupi ndio unaochelewa kurudi kuliko vitu vyote. Kwenye ile kadi ya 98 nilihesabu pati 41. Mikwaju mirefu yangu haikuwa mibaya sana. Nilikuwa nafika karibu na grini, kisha naanza kutangatanga. Mkono umesahau mita kumi ni ngapi. Dawa yake haina siri, ni kukaa kwenye grini ya mazoezi na mipira mitatu, kusogea hatua tatu, sita, tisa, bila hata kulenga shimo, mpaka mkono ukumbuke uzito. Nusu saa ya hapo ilinipunguzia mikwaju mingi kuliko wiki nzima ya uani.

Halafu kuna joto. Raundi ya mashimo 18 kwa miguu ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi, na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatoka lakini halikauki, na mwili haupoi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili za kufanya mazoezi kwenye joto ndipo uzoee. Mtu aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiyoyozi miaka minne asiingie mashindanoni mwezi Februari bila maandalizi hayo. Mimi nilikuwa natembea jioni barabara ya Raskazone, kwanza mikono mitupu, baadaye nimebeba begi. Watu walidhani nasafiri. Siku ya mashindano nakunywa maji kabla ya kiu, na ifikapo shimo la tisa natafuta dafu au maji yenye chumvi kidogo na sukari. Ukiangalia kadi za wanaorudi, makosa yanajazana kwenye mashimo matano ya mwisho. Swingi haijaharibika hapo, miguu imekwisha.

Na vifaa, usivisahau. Hewa ya bahari haikupumzika wakati wewe umepumzika. Nilipofungua begi langu, weji mbili zilikuwa na kutu kama nanga, na mpira wa vishikio ulikuwa umekauka hadi unang’aa. Kishikio kinachong’aa kinateleza, mkono unakaza ili kukizuia, mkono uliokaza unaharibu swingi, na wewe unakwenda kwa mwalimu kulipia tatizo la shilingi chache. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ya kufulia vilitosha kwa fimbo nyingi. Tatu nilibadilishiwa vishikio. Hesabu na fimbo zenyewe, zisizidi 14. Kuna mtu alirudi na 15 begini kwa sababu mwanawe alikuwa ametumbukiza ya kwake ya kuchezea.

Ukianza kusafiri kwenda kwenye mashindano ya nje, iwe Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam, Morogoro, Moshi au Arusha, kumbuka kwamba indeksi ni moja lakini handikapu ya siku hubadilika na uwanja. Indeksi huzidishwa kwa slopu ya uwanja huo, ikagawanywa kwa 113, ikaongezwa tofauti kati ya ukadiriaji na paa. Kwa 9.4 yangu kwenye ule uwanja wa mfano ni 8.98, na kwenye mashindano ya mikwaju ya mtu mmoja mmoja kwa kawaida huchukuliwa asilimia 95, ikakaribishwa kuwa 9. Kwenye uwanja mgumu zaidi ningepewa 11. Wengine huona ni upendeleo. Ni hesabu ileile. Tena ukitoka Tanga kwenda Arusha, umepanda mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali kuliko uliozoea. Chuma namba 7 chako cha Tanga kitakuvusha grini.

Kuhusu hofu ya tii ya kwanza sina mengi, kwa sababu haiishi, hata kwa wakubwa. Tiger Woods alivunjika mguu vibaya kwenye ajali ya gari Februari 2021, akarudi kwenye Masters, mashindano makubwa yanayochezwa Augusta, Marekani, Aprili 2022, akafuzu kucheza siku zote nne na kumaliza wa 47. Mtu mwenye mataji 15 makubwa, akichechemea kwenye vilima vya Augusta kugombea nafasi ya 47. Mimi kilichonisaidia ni kuacha dreva begini kwenye shimo la kwanza. Chuma namba 5, katikati ya fewei, ile njia ya majani yaliyokatwa kuelekea grini, umbali mfupi, hakuna anayepiga makofi, na mapigo ya moyo yanashuka kabla ya mkwaju wa pili.

Jumamosi iliyopita nilikuwa tena pale tii. Ubaoni, mbele ya jina langu, paliandikwa 12. Mzee alikuwa ameshalifungua begi na kulowesha taulo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Imefika ngapi sasa?”

“Kumi na mbili nukta nane.”

Akaitazama ile karatasi ya ubaoni, kisha akanitazama tumboni.

“Bado inadanganya,” akasema. “Lakini imeanza kuona haya.”

Akanipa chuma namba 5.